Sikio Linapozima Ghafla

Mtu amelala mzima. Asubuhi anapokea simu kwa sikio la kulia, kimya. Anaihamishia kushoto, sauti hiyo hapo. Wa nyumbani wanasema, "Umepigwa na upepo." Wataalamu nao wamelichunguza wazo hilo. Wa Ujerumani, Ugiriki na Korea Kusini wamelinganisha tarehe ambazo wagonjwa walizibwa sikio na rekodi za joto, upepo na mgandamizo wa hewa. Majibu yanapingana: huku upepo unashukiwa, kule hakuna uhusiano wowote.

Shaka yenyewe si ya kipuuzi. Koklea, kile kikonokono cha sikio la ndani, hupata damu kwa mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi. Baridi hubana mishipa, na virusi vya mafua vina misimu yake. Ila mgandamizo wa hewa, kwa maoni yangu, ndio mshukiwa dhaifu kuliko wote. Mombasa mgandamizo ni kama hektopaskali 1,013. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni chini ya 850. Abiria wa treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi hushushiwa zaidi ya 150 kwa saa chache. Masikio yanaziba, anameza mate, yanazibuka, safari inaendelea. Dhoruba kubwa ya Ulaya hushusha 30 au 40 tu. Kama mgandamizo ungeua masikio, stesheni ya Nairobi ingekuwa na foleni ya wagonjwa kila siku.

Madaktari huita hali hii uziwi wa ghafla pale usikivu unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu yanayofuatana, ndani ya saa 72. Mara nyingi ni sikio moja, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani kamwe.

Hatari ya kulaumu baridi ni kungoja jua litoke. Jijaribu kwanza: funga mdomo, uvumishe "mmm". Ukiisikia sauti hiyo zaidi upande ulioziba, huenda ni nta au majimaji. Ikihamia upande mzima, neva au koklea inashukiwa. Kipimo hiki hakimalizi kazi ya daktari, lakini jibu hilo la pili lisikulaze nyumbani. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, uombe kupimwa usikivu. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.