Upepo Usitukanwe

Ndugu zetu katika imani, sisi wa Bariadi na Simiyu yote tunaijua dhoruba inayotangulia mvua. Hewa baridi huporomoka kutoka katika wingu la radi, ikapita kwa kasi mbugani palipokatwa miti, ikapenya chini ya paa na kuyang'oa mabati.

Qur'ani Tukufu yatueleza kuwa kaumu ya Adi, katika mchanga wa Ahqaf, iliangamizwa kwa upepo baridi uliovuma masiku saba na michana minane. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alitukataza kuutukana upepo, alitufundisha kumwomba Allah kheri yake na kujikinga Kwake na shari yake.

Dua hiyo tuifuatishe kwa kazi: tufunge kenchi kwa waya imara, tupande miti kuzunguka nyumba na madrasa. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.