Nyumba ya Miti na Udongo ya Muheza

Wakulima wenzetu wa Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nao hulima karafuu. Na nyumba zao za zamani za miti na udongo ni za namna tuijuayo sana sisi wa visiwani. Na tutazame ijengwavyo.

Kwanza nguzo huchimbiwa ardhini. Kisha fito hulazwa nje na ndani, zikafungwa kwa kamba. Katikati hujazwa udongo, na mwisho ukuta hukandikwa. Mzigo wa paa huchukuliwa na nguzo, wala si udongo. Ndiyo sababu ukuta ukimomonyoka nyumba husimama, lakini nguzo ikioza chini nyumba huinama. Upenu mpana huzuia mvua isipige ukuta, na baraza iliyoinuliwa huweka maji mbali na miguu ya nguzo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo ya Bara yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya miti ni nadra kufikia umri huo. Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, nyumba za makabila zimehifadhiwa. Hata hizo hazidumu bila kutengenezwa.

Basi, ndugu wanachama, mlinzi wa nyumba hii ni fundi kuliko sheria. Mwenye jirani mzee ajuaye kufunga fito na ampelekee kijana wake akajifunze, maana ujuzi huo ukizikwa haufukuliwi.