Likizo ya Wanachuo na Lugha ya Watoto wa Taita

Likizo ndefu inapowadia, wanafunzi wa vyuo vikuu hurejea makwao Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wengi wao hawakai bure. Utawakuta kwenye kumbi za makanisa, maktabani na chini ya miti wakiwasaidia watoto masomo ya hesabu na sayansi, au wakiwa na vijana katika michezo na maigizo. Ni kazi ya hisani, aghalabu isiyo na malipo, na asiwabeze mtu. Hata hivyo, lipo swali ambalo wanachuo hao na sisi walimu wao tumezoea kulikwepa: watoto hao husemeshwa kwa lugha gani?

Sera kuhusu jambo hili si ngeni. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo hutakiwa afundishwe kwa lugha inayotumika zaidi mahali shule ilipo. Mjini Voi lugha hiyo ni Kiswahili, wala hapana ubishi. Mji huo ulikuzwa na reli mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo umekuwa makazi ya watu wa kila kabila. Mwanachuo anayefundisha karibu na stesheni hana tatizo kubwa.

Tatizo huanza anapokwea milima. Huko Wundanyi mtoto huamkia Kidawida. Juu ya mlima wa Sagalla, unaoonekana vizuri kutoka Voi mjini, wazee husema Kisagalla. Mwanaisimu Guthrie alizipa lugha hizi mbili nambari moja, E74, lakini zinatofautiana kiasi cha kuhesabiwa kila moja lugha kamili. Kitaveta nacho alikiweka mbali nazo, katika G21, kundi moja na Kipare cha ng'ambo ya mpaka. Hiyo ni kaunti moja tu, na bado tunasikia watu wakisema "Kitaita" kana kwamba ni kitu kimoja.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunisimulia somo alilolitoa likizoni huko milimani. Aliwaeleza watoto jinsi mvuke unavyogeuka maji, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akiwapa istilahi ya mtonesho. Watoto wakaikariri kwa sauti moja. Alipowauliza mfano, wakanyamaza kimya. Baadaye, kwa Kidawida cha nyumbani, akawauliza ule ukungu unaofunika Vuria asubuhi hutoka wapi na kwa nini nyasi hulowa hali mvua haikunyesha. Hapo mikono ikainuka yote. Nilitaka kujua kwa nini hakuanzia hapo. Akajibu kwamba aliona haya, kwa sababu mtu wa chuo kikuu hutarajiwa aongee kama mtu wa chuo kikuu.

Haya hiyo hakuzaliwa nayo. Ilipandwa na shule zetu, hasa zile zilizowavika watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Ajabu ni kwamba mmishonari Wray, aliyefika Sagalla mwaka 1883, alijifunza lugha ya wenyeji kabla ya kutaka wamsikilize, na mwaka 1894 akachapisha kitabu cha sarufi yake. Mgeni alitambua asingeweza kufundisha bila lugha hiyo. Mwenyeji aliyesoma anadhani itamshusha hadhi.

Wako watakaosema kwamba lugha ndogo hazifai kufundishia. Ethiopia ilipoanzisha kampeni yake ya kusoma na kuandika mwaka 1979, hatimaye ilitumia lugha 15, baadhi yake zikiwa hazijawahi kuwa na vitabu vya kutosha. Sisi hatuombi vitabu kwanza. Mwanachuo anayo lugha kinywani tayari, na hilo ni jambo ambalo mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka mbali huenda asiwe nalo.

Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Wengine huiona sheria hiyo kuwa kikwazo. Mimi naiona kuwa nafasi. Mwanachuo hana haja ya kurudia silabasi. Anaweza kuwatuma vijana kwa babu na bibi zao wakaulize majina ya miti, ya mifereji ya kunyweshea mashamba, ya vyakula vya wakati wa njaa, kisha wakayaandika na kubishana tahajia yake. Kijana wa Kasigau anayechimba vito naye hana budi kuwa na msamiati wake wa mawe na udongo, ambao sisi wa chuoni hatujauandika. Kazi hiyo haihitaji ubao wala chaki.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mwanachuo akirudi, huleta barua ya shukrani iliyopigwa muhuri, nasi huiweka kwenye faili. Ningependa aulizwe pia ni neno gani alishindwa kulieleza, ni nani aliyemsaidia kulieleza, na lilielezwa kwa lugha ipi.