Nkavandame: biashara ya Ruvuma ilipogeuka usaliti

Nahodha anayetoka kisiwa cha Macaloe kuelekea kaskazini hupita Mocímboa da Praia, kisha Palma, kisha mlango wa mto Ruvuma, na mbele yake ni Mtwara. Bara ya pwani hiyo, pale Chai, ndipo Frelimo ilipofyatua risasi za kwanza za vita vya ukombozi, tarehe 25 Septemba 1964. Na ni mpaka huohuo wa Ruvuma uliomtajirisha, kisha ukamwangusha, Lázaro Nkavandame.

Nkavandame alikuwa Mmakonde, mtu wa biashara kabla ya kuwa mtu wa siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba katika uwanda wa Mueda, hadi Wareno walipoubana. Frelimo ilipoanzisha vita, ilimfanya katibu wake wa mkoa wa Cabo Delgado, na biashara ya maeneo yaliyokombolewa ikawa mikononi mwake. Wanavijiji walibeba korosho, karanga, ufuta na nta kichwani, siku kadhaa porini, wakavuka mto hadi Tanzania. Waliporudi walitarajia nguo, chumvi, sabuni na majembe.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wapiganaji walilalamika kwamba mzigo wa mwanakijiji unanunuliwa kwa bei ya kutupa, huku sabuni ikiuzwa kwa bei ya kuruka, na faida inaishia kwa Nkavandame na wenyeviti wake. Yeye na wenzake walijibu kwamba Wamakonde ndio wanaokufa vitani, ilhali amri zinatoka kwa watu wa kusini. Hoja hiyo ya pili haikuwa ya kubezwa. Lakini haikujibu ile ya kwanza: hesabu ya mizigo iko wapi?

Julai 1968 Frelimo ilifanya mkutano wake mkuu wa pili huko Niassa. Nkavandame hakuhudhuria. Alitaka Cabo Delgado ijitawale peke yake, na watu wake walijaribu kuufunga mpaka. Tarehe 22 Desemba, Paulo Samuel Kankhomba, kamanda wa ngazi ya juu, aliuawa akivuka kurudi Msumbiji. Frelimo ilimtupia lawama Nkavandame, ikamsimamisha tarehe 3 Januari 1969. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Februari, bomu lililofichwa ndani ya kifurushi lilimuua Eduardo Mondlane jijini Dar es Salaam. Hapo pia Frelimo ilimhusisha.

Mwaka huohuo alijisalimisha kwa Wareno. Ndege zao zilidondosha vikaratasi vyenye wito wake kwa Wamakonde waache vita. Wachache mno walimfuata. Wale waliokuwa na kila sababu ya kuinung'unikia biashara ya Frelimo walibaki na Frelimo.

Baada ya utawala wa Wareno kuanguka alikamatwa, na akauawa kizuizini bila kesi ya wazi. Hili nalo ni doa, na Frelimo haiwezi kulifuta kwa kumwita msaliti. Madai ya bei, ya faida na ya damu ya Kankhomba hayakuwahi kupimwa mbele ya hakimu, kwa hiyo hadi leo kila upande unasimulia la kwake.

Kwa wafanyabiashara wa pwani hii, habari hizo si za kale. Tangu waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, anayevusha gunia la mchele au dumu la mafuta kati ya visiwa na bara anaweza kushukiwa na askari kuwa anawalisha waasi, na kushukiwa na waasi kuwa anapeleka habari kwa askari. Mji huo ulikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Shaka haikuondoka na waasi, na mwenye chombo anayekutana na doria baharini hana cha kujitetea zaidi ya karatasi za mzigo wake, kama anazo.