Vifaa vya Shule Ghalani

Tangu mwaka 1998 shule na maktaba za Marekani hupunguziwa gharama za mawasiliano kwa asilimia 20 hadi 90, zile za maskini zikipunguziwa zaidi. Fedha hizo hutozwa makampuni ya simu, nayo huzidai kwa wateja wao. Shule hutangaza mahitaji yake, hungoja siku 28, ndipo humchagua mwuzaji; bei ndiyo kigezo kikuu. Hapo pana udhaifu: alipaye senti 10 katika kila dola hana uchungu wa bei. Kisiwani Puerto Rico zililipwa dola milioni 100 hivi. Uchunguzi wa Bunge ukakuta vifaa vya mamilioni vimelala ghalani kwa miaka, wanafunzi wakingoja. Amri ya mwaka 2014 iliongeza muda wa kutunza hati kutoka miaka 5 hadi 10, ili mkaguzi apate pa kuanzia.