Kinachowaua Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifariki, majirani husema ni ile hali yake, na aghalabu maswali huishia hapo. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti hawakuishia hapo. Waliwafuatilia watoto 97 wenye hali hiyo kati ya 2015 na 2019, na 15 wakafariki. Kiwango chao cha vifo kilikuwa takriban mara 25 ya kile cha watoto wengine wa eneo lilelile. Sababu kuu zilikuwa upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, magonjwa ambayo vituo vya afya vya vijijini hukutana nayo kila siku.

Tumezoea kuamini kwamba mtoto huyu anahitaji kwanza daktari bingwa na hospitali kubwa, na kwa kuwa vyote viko mbali, basi hakuna la kufanya. Lakini malaria hupimwa kwa tone la damu, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kizuizi ni kwamba mtoto asiyeweza kusema hawezi kueleza kuwa kichwa kinamuuma. Hulia, hukaza mwili, hukataa chakula, na mhudumu asiyefundishwa huona hizo ni tabia za ulemavu wake. Siku mbili tatu zikipita hivyo, malaria imeshamaliza damu. Kula nako kuna hatari yake: uji ukipotea njia kooni huingia mapafuni na kuleta nimonia, na kwa sababu kumeza ni kazi ngumu, kila mlo hubaki pungufu. Katika utafiti huo, wenye utapiamlo mkali walikuwa hatarini zaidi.

Wapo watakaosema watoto hawa ni dhaifu tangu kuzaliwa. Ni kweli kwamba wenye ulemavu mkali ndio waliofariki zaidi, lakini mtoto dhaifu ndiye anayestahili kutangulizwa kwenye foleni. Wengine huwalaumu wazazi kwamba huwaficha watoto wao. Aibu ipo, siikatai. Hata hivyo, mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka minane, au akajinyima ili alipe bodaboda, kisha akaambiwa ugonjwa huu hauna dawa, ana sababu ya kutorudi. Alileta homa, akajibiwa kuhusu ubongo.

Hatua za kuanzia hazingoji jengo jipya. Mtoto apimwe joto, damu na uzito kila anapoletwa, hata kama amepita umri wa kliniki ya watoto wadogo. Mama naye aonyeshwe namna ya kumlisha akiwa ameketi wima, kichwa kimeegemezwa, kijiko kidogo kidogo, na asiongezewe kingine kabla hajameza.