Bundi wa Darini

Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwatoa wabunge hofu kwa kuwaeleza kwamba kwa mila za wenyeji wa Dodoma, bundi anayeonekana mchana hana madhara. Habari ikafika hadi kwenye vyombo vya habari vya nje. Sisi tunaofuatilia ndege tulibaki na swali letu: alikuwa bundi gani?

Swali hilo lina uzito. Afrika Mashariki ina aina zaidi ya 15 za bundi, na kila aina ina maisha yake na sauti yake. Yuko bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, anayepatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Uzito wake ni gramu 50 hivi, chakula chake wadudu, na mlio wake ni mfupi, unaorudiwa bila kupumzika. Asiyemjua hawezi kudhani kuwa ni bundi. Yuko bundi wa Pemba, ambaye huwezi kumpata mahali pengine popote duniani, anayekaa msitu wa Ngezi na kwenye mikarafuu mikongwe. Mito kama Rufiji ina bundi mvuvi, anayenyakua samaki usiku. Na yuko mkubwa kuliko wote barani, mwenye kope za rangi ya waridi, ambaye kalunguyeye na miiba yake hamshindi.

Ule mlio wa “huu-huu” unaosikika kwenye filamu hutoka kwa bundi wengine kabisa, wale wa miambani na wa misituni. Mara nyingi ni mume na mke wanaoitana: dume anaanza, jike anadakia, na majirani zao wanapata taarifa kuwa eneo hilo lina wenyewe. Bundi anayewatia watu hofu zaidi mjini na vijijini halii hivyo. Ni yule mweupe kifuani, mgongo wa hudhurungi na kijivu, uso wenye umbo la moyo, anayekaa darini, kwenye mnara wa kanisa, ghalani, au kwenye kiota kikubwa cha fundichuma. Yeye hupiga ukelele mrefu wenye mkwaruzo, na anaupiga akiwa angani, juu ya paa lako, saa nane ya usiku.

Sauti inayosumbua zaidi, hata hivyo, inatoka kwa makinda. Jike hutaga mayai kwa kupishana siku mbili tatu, na huanza kuatamia mara tu anapotaga la kwanza. Baada ya mwezi mmoja hivi mayai huanza kuanguliwa kwa mpangilio uleule, kwa hiyo kiota kimoja kinakuwa na kinda mkubwa anayeanza kuota manyoya ya mabawa na mdogo wake ambaye bado ni donge la manyoya meupe. Wote wana njaa, na wanaomba chakula kwa kukoroma. Koromo hilo ni refu, zito, linaanza magharibi na kuendelea hadi alfajiri, na kwa aliye kitandani chini ya dari linafanana sana na pumzi za mtu. Nyumba nyingi zinazosemekana kuwa na mtu darini zina makinda wanne au watano wanaosubiri panya. Chakula kikiwa haba, wakubwa hula na wadogo hufa. Panya wakiwa wengi, wote hukua, na kelele huongezeka. Kwa hiyo dari yenye kelele nyingi inakwambia jambo kuhusu panya wa mtaa wako.

Anavyowapata panya hao ni jambo ambalo sichoki kulieleza. Matundu ya masikio yake, yaliyofichwa pembeni mwa uso, hayalingani: moja liko juu kidogo kuliko jingine. Sauti ya panya inafika sikio moja mapema kidogo, tena kwa nguvu tofauti, na kutokana na tofauti hiyo ndogo bundi anajua panya yuko upande gani na yuko juu au chini kiasi gani. Roger Payne, Mmarekani aliyekuja kujulikana zaidi kwa nyimbo za nyangumi, alimfungia bundi wa aina hii kwenye chumba chenye giza totoro. Ndege akamkamata panya kwa kusikia mchakacho wake tu. Payne alipomfunga panya kitu cha kuchakarisha mkiani, bundi alikivamia kile kitu. Mabawa nayo yana siri. Ukiokota unyoya wa mbele wa bawa la bundi na kuutazama kwa karibu, utaona ukingo wake una vimeno laini kama vya kitana. Vimeno hivyo hupasua hewa isipige kelele. Panya hasikii anayekuja, na mtu aliyekaa barazani vilevile hasikii. Anashtukia tu kitu cheupe kimepita mbele ya uso wake.

Panya anamezwa mzima. Baada ya saa kadhaa bundi hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeshikamana, donge jeusi linalong'aa likiwa bichi, la urefu wa kidole gumba. Nawashauri walimu wa sayansi walitafute chini ya sehemu anayolala. Likilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuchambuliwa kwa kibanzi, hutoka mafuvu mazima, meno ya mbele ya panya yenye rangi ya machungwa, mbavu nyembamba kuliko sindano. Hapo mwanafunzi anahesabu mwenyewe kilicholiwa usiku uliopita.

Sasa tuje kwenye imani, maana wengi wanaoniuliza habari za bundi huanzia hapo: akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa, msiba uko njiani. Sidhani wazee waliosema hivyo walikuwa wanatunga. Waliona jambo lililotokea kweli, mara nyingi. Nyumba yenye mgonjwa inawasha taa usiku kucha, na taa inavuta wadudu. Watu wanaingia na kutoka, mabaki ya chakula yanabaki nje, panya wanayafuata, na bundi anawafuata panya. Zaidi ya yote, watu wa nyumba hiyo wako macho. Usiku mwingine wowote bundi yuleyule analia juu ya paa lilelile na hakuna anayemsikia. Mgonjwa akipona, mlio unasahaulika. Akifariki, unasimuliwa miaka.

Waarabu wa zama za ujahilia nao waliamini kwamba roho ya mtu aliyeuawa hugeuka bundi na kulia mpaka alipiziwe kisasi. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliikanusha imani hiyo pamoja na ile ya kupiga ramli kwa ndege. Nimeona jambo hilo likiwatuliza watu wa pwani kuliko maelezo yangu yote ya masikio na manyoya, na nafurahi linapowatuliza, kwa sababu hofu hii ina gharama. Bundi hupigwa mawe, viota huchomwa moto, na huko Kenya mayai yameporwa kwa tetesi za biashara ya kiganga. Lakini nchini humo humo, kwenye nyanda za juu karibu na Mlima Kenya, mtafiti Darcy Ogada amewachunguza bundi wa Mackinder wanaokaa kwenye magenge yanayopakana na mashamba, na wapo wakulima waliopata fedha kwa kuwaonyesha watalii ndege hao.

Sitaki kumpamba bundi kupita kiasi. Utafiti kwenye mashamba ya mahindi Morogoro uliwavutia ndege wawindaji kwa vijiti vya kutulia na masanduku ya kutagia, na haukuona wakipunguza panya shamba kwa kiwango kikubwa. Panya hao huzaana haraka na wengine huhamia kutoka mashamba ya jirani. Mwaka wa milipuko ya panya, bundi peke yake hatakuokolea mahindi. Lakini nyumbani na ghalani ni mwindaji wa kila usiku asiyedai malipo.

Ukitaka abaki, jambo la kwanza ni kuacha sumu ya panya. Zile zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akiyumbayumba, anakuwa rahisi kukamatwa, na sumu inahamia kwa bundi na makinda wake. Tumia mitego, na funika nafaka vizuri.

Kinda akianguka, usimpe maziwa wala ugali. Mshike kwa kitambaa kinene, kwa sababu kucha zake ni kali hata akiwa mdogo, umrudishe darini au umweke kwenye boksi juu ya mti jioni hiyohiyo. Wazazi hawamkatai kwa kuwa ameguswa na mtu. Watafuata koromo lake na kumlisha.

Na kama harufu na kinyesi vimekushinda, subiri. Makinda huruka wakiwa na miezi miwili hivi. Wakishaondoka wote, safisha dari ukiwa umefunika pua na mdomo, ziba tundu kwa waya wa kuku, kisha tundika sanduku la mbao nje, mita nne au tano kutoka chini, lenye mlango wa sentimita 15, mahali ambapo mvua haipigi.